Raha Tupate: Mstari Ambao Shangazi Haimbi

Uwanja wa shule ya msingi, kaskazini ya Mombasa, jua la saa tano. Tulikuwa watu kama mia mbili, wengi wazee, na mkutano ulikuwa wa mambo ya ardhi. Ulikuwa uanze saa tatu. Mheshimiwa alipofika, kijana mwenye kipaza sauti akatutaka tusimame kwa wimbo wa taifa, na viti vya plastiki vikalia vyote kwa pamoja.

Shangazi yangu alikuwa upande wangu wa kulia, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine begani mwangu. Ana miaka sabini na kitu. Aliwahi kuwa mwanakwaya, kwa hivyo hata leo haimbi chinichini kama sisi. Anaimba kama anayelipwa. *Ee Mungu nguvu yetu, ilete baraka kwetu.* Haki, ngao, undugu, yote akayatoa. *Amani na uhuru.*

Kisha akafumba mdomo.

Sisi wengine tukaendelea, *raha tupate na ustawi*, yeye akitazama mbele tu, midomo imebana kama ya fundi aliyeshikilia pini. Mstari ulipokwisha akavuta pumzi, akaingia ubeti wa pili bila kuchelewa hata kidogo: *Amkeni ndugu zetu!*

Nilidhani amepaliwa.

Kwenye matatu ya kurudi nikamwuliza kama nimnunulie maji.

"Sikupaliwa," akasema. "Ule mstari siimbi."

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu mwaka wa tingatinga. Nilikuwa naomba raha kila Jumatatu na kila Ijumaa pale shuleni. Nikaomba kila sikukuu. Kitu kimoja, mwanangu, miaka yote hiyo. Mwisho Mungu ataniona sina adabu."

Watu wawili kiti cha nyuma wakacheka. Yeye hakucheka.

Hizo ni wiki saba zimepita, na bado sijaweza kulitua jambo hili.

## Neno la barazani

Wimbo wa taifa nimeuimba kama mtu anavyotaja nambari yake ya kitambulisho, bila kukosea na bila kusikia. Baada ya siku ile nikaanza kusikia.

Ajabu ya kwanza ni kwamba neno lenyewe limo. Nyimbo za mataifa husheheni damu, bendera na maadui waliokimbia. Wetu unaomba raha. Na si furaha, ambayo ingekaa vizuri kwenye kadi ya harusi. Ni raha, neno ambalo mwalimu akikurushia darasani ujue umetukanwa: "Wewe unapenda raha."

Lakini huku Pwani neno hili lina heshima yake. Mtu amekaa barazani, kikombe cha kahawa chungu mkononi, upepo wa kusi unapita. Ukimwuliza hali anakujibu, "Raha mustarehe." Haimaanishi ana pesa. Haimaanishi hata kwamba anatabasamu. Maana yake ni kwamba kwa saa ile hakuna kinachomsukuma. Raha na starehe ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili yamekuja na Kiarabu, na mzizi wake ni kupumzika. Tunaposema mchumia juani hulia kivulini, kile kivuli ndiyo raha.

Furaha ni kitu kingine. Furaha inaweza kukukuta hata katikati ya dhiki. Nimeona harusi ikichezwa hadi alfajiri kwenye kijiji ambacho mwezi uliofuata hakikuwepo. Watu walifurahi kwelikweli usiku ule. Raha hawakuwa nayo.

Na ustawi? Hilo ni neno la shamba. Mahindi yamestawi. Mche umestawi. Serikali ndiyo iliyolichukua likawa la maofisini.

Sasa tazama Kiingereza cha wimbo huohuo. Wimbo wetu ni rasmi kwa lugha zote mbili, na pale Kiswahili kinapoomba raha na ustawi, Kiingereza kinaomba vitu vijae ndani ya mipaka yetu. Vijae tu. Hakisemi kwa nani. Mtu anaweza kuuimba mstari ule kwa moyo wote huku akitazama ghala la mwenzake, na asiwe amesema uongo. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo, kwa sababu ya silabi moja.

*Tu*pate.

Wiki hizi zote nimekuwa nikiizunguka silabi hiyo.

## Kupanda mchana

Nilirudi kwa shangazi baada ya siku kumi na kitu, na sukari na majani ya chai. Nikamkuta ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwuliza moja kwa moja, kwa sababu ukimzunguka anakuzunguka zaidi: raha ni nini?

"Nazi hii nimeinunua," akasema.

Nikangoja.

"Nimezaliwa chini ya minazi. Nazi nanunua dukani kwa kijana wa juzi."

Ambaye hajawahi kuishi kama skwota huku Pwani huenda asiupate uzito wa maneno hayo. Mwenye shamba, ambaye pengine hujawahi kumwona kwa macho, anakuwa na msimamizi. Msimamizi anakuruhusu kulima. Mahindi, kunde, mihogo, panda. Mnazi usiguse. Mwembe usiguse, mkorosho usiguse. Kwa desturi yetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Ukishakuwa na minazi kumi mahali, umeshatia neno lako kwenye ile ardhi, na siku ya kuondolewa itabidi mzungumze. Mahindi hayamwogopeshi mtu. Mahindi yanaondoka yenyewe.

Mnazi wetu mrefu unataka miaka sita, saba, ndipo ukupe nazi ya kwanza. Halafu utakupa wewe, na mwanao, na mjukuu wako. Anayeupanda amesema kwamba haondoki.

Mumewe shangazi, Mungu amrehemu, alipanda mitatu. Aliipanda usiku, nyuma ya choo, ambako aliamini msimamizi hatapenda kupita. Msimamizi akapita. Akang'oa miwili. Wa tatu, sijui kama hakuuona au alimwonea haya mzee, ukakua. Ulikuwa ndio kwanza umeanza kuzaa mwaka wa tingatinga.

Shangazi akageuza kifuu, akaanza upande wa pili.

"Umeniuliza raha ni nini. Raha ni kupanda mnazi mchana."

## Watano na wimbo wa mtoto

Nikaenda kuwasoma waliotunga.

Mwaka 1963 kazi ya wimbo ilipewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hyslop alikuwa Mwingereza, mwalimu wa muziki ambaye pia aliandika tamthilia kwa Kiswahili. Lahani waliitoa kwenye wimbo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, wa kubembelezea mtoto, waliofikishiwa na mzee Meza Moroa Galana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba bendera ya Uingereza ikashushwa Nairobi mbele ya Prince Philip, yetu ikapanda, na wimbo wa kumtuliza mtoto anayelia ukawa wimbo wa dola.

Shangazi alifundishwa darasani. Mwalimu aliuandika ubaoni, nao wakaunakili. Anasema hakuna aliyeuliza raha ni nini. Kila mtu alijua.

Nikafikiri naelewa walijua nini. Fikiria waliokuwa watu wazima mwaka ule. Wanaume waliovaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, ili mzungu yeyote aweze kuuliza umetoka wapi na nani kakuruhusu. Kule Mlima Kenya, wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, watu takriban milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kusongwa kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi. Mtu aliyetoka huko ukimwambia *raha*, hafikirii mkufu wala gari. Anafikiria mlango usiogongwa usiku. Anafikiria kwenda mto wa pili bila barua.

Kwa wiki nzima nikawa nimeridhika na jibu hilo. Waasisi walimaanisha kile anachomaanisha shangazi. Tatizo limekuja baadaye, wajukuu wameharibu. Nilikuwa hata nimeshaanza kuandika makala ya namna hiyo, nzuri nzuri, yenye kulaumu wanaostahili kulaumiwa.

Kisha nikakutana na Oktoba.

Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya wimbo kuimbwa, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipatana kuhusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani. Mahakama za Kadhi zitalindwa, sawa. Na hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitatambuliwa daima. Hati gani hizo? Zile zilizotokana na sheria ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa Pwani waende kudai ardhi yao kwa karatasi. Waliokuwa na karatasi, na waliojua karatasi ni nini, wakaenda. Wamijikenda wengi, ndio sisi, hawakwenda. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza.

Kwa hiyo siku shangazi alipounakili wimbo ubaoni, jambo la babake lilikuwa limeshapigwa muhuri.

Sitaki kuwahukumu kirahisi. Ukanda ule ungeweza kuwaka moto, maana kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka kujitenga, na Zanzibar yenyewe ilikuwa na miezi mitatu tu kabla ya mapinduzi. Mtu anayezima moto hachagui ndoo. Lakini ile *tu* nilikuwa nimeiamini, na sasa nikaona ilikuwa na ua tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa nje ya ua tukiimba.

## Mpaka Virginia

Rafiki yangu mwalimu wa historia, tulipokuwa tunanywa chai, akanicheka. "Unadhani ni nyinyi tu?" Akanikumbusha Marekani mwaka 1776. Wale waliandika kwenye azimio lao la uhuru kwamba kila mtu amezaliwa na haki ya kuishi, haki ya kuwa huru, na haki ya kuitafuta furaha. Thomas Jefferson ndiye aliyeshika kalamu, mtu ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya mia sita.

Hilo la watumwa nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni la George Mason.

Wiki chache kabla ya Jefferson, Mason alikuwa ameiandikia Virginia azimio lake la haki, na humo hakusema *kutafuta* peke yake. Alisema kutafuta na kupata furaha na usalama, na palepale, kwenye sentensi hiyohiyo, akaweka njia za kupata na kumiliki mali. Furaha, usalama na shamba, vyote kwenye kapu moja. Jefferson alipoiandika yake, mali haimo, na *kupata* hakumo. Pamebaki kutafuta.

Nimelifikiria sana lile neno lililodondoka. Anayekuahidi kutafuta hadaiwi kitu. Tafuta, nani amekuzuia? Mason alikuwa mkweli zaidi, kwa namna ya kutisha. Alijua kwamba mtu hatulii juu ya ardhi ya mwenzake, akalisema, na yeye pia alikuwa na watumwa waliomlimia hiyo ardhi.

Wetu walirudisha *kupata*. Hawakujua Mason, au pengine walijua, haidhuru. Tofauti ni kwamba hawakuandika haki. Waliandika dua. Haki unaidai kwa mtu aliyekaa kiti fulani. Dua unaipeleka juu, kisha unasubiri. Aliyetunga sijui kama alilipima hilo, ila ningekuwa mimi ni mheshimiwa aliyechelewa saa mbili mkutanoni, ningependa wananchi waendelee kuomba vivyo hivyo.

## Umejifanyia nini?

Mwaka 1965, Kenyatta akiwa Rais, alisimama kwenye mkutano wa hadhara Kandara na kumgeukia Bildad Kaggia, mbunge wa pale.

Hawa walikuwa wameshitakiwa na wakoloni pamoja Kapenguria, wakafungwa pamoja kule Lokitaung. Kaggia alikuwa amekwisha kuondoka kwenye unaibu waziri kwa sababu ya ardhi. Alisema waliopigania mashamba hawawezi kuambiwa wayanunue. Rais alikuwa na msimamo kwamba cha bure hakuna.

Kenyatta akaanza kuhesabu wenzao wa gerezani. Paul Ngei, nenda kwake ukaone kahawa aliyopanda. Fred Kubai, ana nyumba kubwa na shamba zuri. Kung'u Karumba, sasa ana mabasi yake. Na baada ya kila jina, swali lilelile: Kaggia, wewe umejifanyia nini?

Nimeisoma hotuba ile mara nyingi kuliko nilivyokusudia.

Mara ya kwanza niliona kejeli tu. Mara ya tatu nikaona maana ya raha imetamkwa hadharani, na mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuitamka. Kahawa. Nyumba. Mabasi. Angalia kiambishi: si *tumejifanyia*, ni *umejifanyia*. Miezi kumi na sita tangu bendera ipande, *tu* imeshakuwa *u*.

Halafu, na hapa ndipo nilipojikwaa, mara ya tano nikaona kwamba Kenyatta hakuwa mjinga wala mwovu wa hadithi za watoto. Mtu aliyenyang'anywa huko nyuma kwa sababu hakuwa na chake anakuwa na hofu moja tu: kutokuwa na chake tena. Mnazi wa shangazi na kahawa ya Ngei, kwenye mzizi, ni hamu moja. Kila mmoja anataka mti ambao hakuna msimamizi atakayeung'oa. Ila Ngei alikuwa na hati ya kupandia mchana.

Kaggia hakujibu kwa mali. Mwaka uliofuata alihamia upinzani na Oginga Odinga, akafungwa tena, safari hii wafungaji wakiwa wenzake wa zamani. Akaishi maisha ya kawaida mpaka alipofariki mwaka 2005. Kila nikimtaja kwa vijana wanauliza, "Nani huyo?"

Watanzania wataniambia wao walilitatua. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, yaani swali la Kandara kule lingekuwa kosa. Nawaheshimu kwa hilo. Nao kwenye wimbo wao hawakuomba raha hata kidogo; wameomba baraka, na hekima, umoja na amani wakaziita ngao zao. Labda walijua wanachokifanya.

## Aya ya 133

Mwaka huohuo wa Kandara ulitoka Waraka Nambari 10 wa serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, wizara ikiwa ya Tom Mboya. Kurasa za mwanzo zinavutia: usawa wa kisiasa, haki katika jamii, utu, watu wasiwe na uhitaji, wala maradhi, wala wa kuwanyonya. Kama ungetaka ufafanuzi wa *raha tupate na ustawi* kwa lugha ya ofisi, ni huo.

Kisha unafika aya ya 133. Inasema fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozalisha zaidi. Na inataja ni wapi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea.

Nikafikiria Mto Tana, kwa Wapokomo. Mvua ya wasiwasi, barabara za kukatika, mafuriko yakija yanachukua vyote. Walikotoa lahani.

Basi, hilo sina la kuongeza.

## Mwembe

Nimelizungukazunguka jambo moja tangu aya ya kwanza, na itabidi nilifikie.

Mimi nina ploti.

Futi hamsini kwa mia, kaskazini ya Mombasa, si mbali sana na uwanja wa mkutano ule. Niliinunua miaka kadhaa nyuma kupitia kwa broka, kwa mkopo nilioumaliza juzijuzi. Hati ninayo, safi, nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Bikoni nne. Siku ya kuonyeshwa, broka aliupiga mkono mwembe mkubwa uliokuwa kwenye pembe ya nyuma, akasema, "Hiki ni kivuli cha bure, bosi." Nikacheka. Nikaupiga picha nikamtumia mke wangu.

Mwembe ule ulikuwa mzee kuliko mimi. Sikujiuliza. Mwembe wa namna ile hauoti kwa bahati kwenye mstari mmoja na kisima kilichofukiwa. Mtu alikuwa amekaa pale, akaupanda, pengine usiku. Nimekaa wiki saba nikiwauliza waasisi kwa nini waliifanya *tu* iwe ndogo, na mimi mwenyewe nimeweka seng'enge.

Kandara wangeniuliza umejifanyia nini, ningekuwa na jibu. Ndilo linalonikera.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Kijana anayeniangalizia mahali akaniambia, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba kila Desemba huja mama mmoja na gunia. Hapigi hodi. Anaokota, anaangua zilizo karibu, anaondoka bila kusalimia. Mwaka jana kijana alimfukuza. Akataka kujua safari hii afanyeje.

"Mwache achukue," nikamwambia. "Achukue zote anazotaka."

Nilirudi nyumbani nimejaa. Nitasema kweli: nilikuwa na raha. Jioni nikampigia shangazi nimweleze, nikiwa nategemea kusifiwa, na mtu mzima kama mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemruhusu," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Nimesema achukue zote."

"Mwembe ni wa nani?"

"Uko kwenye ploti yangu, shangazi."

"Sikukuuliza ploti," akasema, na kwenye simu nikasikia ameanza tena kukuna nazi.